Nilivyopata pa kuchorea na pa kulala mahali pamoja

Nina miaka 66 na bado nachora kila siku. Nyumba niliyopanga Kijitonyama ilipouzwa ili ijengwe ghorofa, ilinibidi nihame upesi. Wasanii wenzangu walinitajia karakana za Nafasi Art Space pale Mikocheni. Ni mahali pazuri, hasa kwa kijana mwenye kwao pa kulala. Mimi usingizi huniisha alfajiri, na wakati huo nataka niwe mbele ya kanvasi, si kituoni nikisubiri daladala.

Madalali walinizungusha Sinza na Mwenge. Kila kuonyeshwa nyumba ni hela, na ukiipata dalali anataka kodi ya mwezi mmoja. Vyumba vilikuwa na marumaru na jipsamu, lakini dirisha linatazama ukuta wa jirani. Hapo nikabadilisha ombi: nitafutieni fremu ya duka yenye chumba na choo nyuma, isiwe ya ghorofani.

Mambo yakafunguka. Fremu ina mlango mpana na inatazama barabara, kwa hiyo mwanga upo. Kazi ikawa kuchagua mwanga gani. Fremu inayotazama magharibi niliikataa hata ilipokuwa rahisi, kwa sababu jua la alasiri linaingia mpaka ukutani na rangi zote zinadanganya. Niliitaka inayotazama kusini. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana hupita upande wa kaskazini, na wewe unapata mwanga mtulivu. Miezi ya Novemba hadi Februari natundika pazia jeupe, basi.

Niliipata Kawe. Mwenye nyumba ni binti aliyerithi kwa baba yake.

"Shikamoo mama. Utauza nini hapa?"

"Marahaba mwanangu. Siuzi, nachora. Na nitalala hapo nyuma."

Akaingiwa na wasiwasi wa harufu, na alikuwa na haki. Sisi wachoraji wa mtindo wa Tingatinga tunatumia rangi za mafuta zilezile za kupaka milango, tangu mwenyewe Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968. Sikubishana naye. Kesho yake nilirudi na kopo na brashi, nikachora ndege mbele yake, akanusa na kutazama. Akasema mlango wao ulipopakwa ulinuka kuliko hapo.

Lakini harufu hiyo si ya kulala nayo, hasa kwa mapafu ya umri wangu. Wewe unayetafuta fremu, inua macho: mara nyingi ukuta wa katikati hauishii kwenye bati, unaachwa wazi juu, na kila unachokifungua mbele kinakufuata kitandani. Tulikubaliana nilipie fundi aupandishe mpaka juu, gharama ikatwe kwenye kodi. Chumba cha nyuma kina dirisha na mlango wake wa kutokea uani.

Alitaka kodi ya mwaka mzima, tukaafikiana miezi sita. Kodi ya jengo inayokatwa ninaponunua umeme wa LUKU nayo tuliiandika: ni mzigo wa mwenye nyumba, ananirudishia. Jambo nililolisimamia kwa nguvu zote ni notisi ya miezi mitatu, hata kama nyumba itauzwa. Mzee hawezi kufunga kanvasi, makopo na kitanda kwa wiki moja. Binti alisita sana hapo, akaenda kuongea na kaka zake, akarudi amekubali. Tulisaini kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kila mtu na nakala yake.

Sharti lake yeye lilikuwa moja: thina isilale ndani, anaogopa moto. Nimetengenezewa sanduku la bati lenye kufuli, linakaa uani kivulini, mbali na jiko.