Funguo za Nyumba ya Zamani

Tumehama wiki iliyopita, na mnavyonijua, sikutupa kitu. Binti yangu mdogo kavuta droo, katoa mtungo wa funguo: "Baba, ile nyumba si tumemrudishia mwenyewe? Hizi za nini?"

Badala ya kumjibu nikamkumbuka Hajati wa Arua, mji wa kaskazini-magharibi mwa Uganda, miwani imemshuka puani.

Ilikuwa Februari 2015, kwenye joto lile la kiangazi. Seva, ile kompyuta kuu ya chama cha akiba, ilikufa. Programu ya mahesabu iliishi ndani ya Windows Server 2003, ambayo Microsoft ilikuwa inaacha kuihudumia Julai ya mwaka huohuo, na Windows yenyewe ilikuwa mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu, ndani ya VMware. Diski ilisalimika. Nikakopi usiku kucha, huku nikiomba umeme usikatike, maana Arua ya wakati ule haikuwa kwenye gridi ya taifa. Mtambo mdogo wa maji wa Nyagak ukishindwa, tunarudi kwenye jenereta. Asubuhi nikaifungua ndani ya VirtualBox, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, kwenye kompyuta ya kuazima.

Skrini ya buluu. 0x0000007B, yaani Windows haioni diski ya kuwakia. Hiyo haikunisumbua: Windows ilizoea diski ya njia ya SCSI, mimi nimeichomeka kwenye njia nyingine, SATA. Nikaihamishia kwenye LSI Logic, ambayo ni SCSI, ikaamka, nami nikajiona fundi.

Ufundi huo ndio ulioniponza. Nikaweka Guest Additions, programu saidizi za VirtualBox, juu ya VMware Tools, zile za VMware, ambazo sijaziondoa; draiva mbili, programu za kuendesha kipanya, zikaanza kugombea mshale mmoja. Mshale unaruka kama senene. Nikajaribu kuziondoa Tools, zikagoma: haziondoki mpaka ziwe ndani ya VMware. Yaani ili uhame, uwe hujahama. (Leo ningeirudisha kwanza kwenye VMware Player, nizitoe humo, ndipo nihame. Siku ile sikuwaza.) Nikazing'oa kwa mkono kwenye rejista, lile daftari la mipangilio la Windows, huduma moja baada ya nyingine.

Ikabaki anwani. Kompyuta za makarani wote ziliijua seva kwa 192.168.1.10. Nilipoiandika, Windows ikaniambia anwani hiyo ina mwenyewe: kadi nyingine ya mtandao, iliyofichika. Nikafungua lile dirisha jeusi, nikaandika set devmgr_show_nonpresent_devices=1, kisha start devmgmt.msc, nikaiamuru ionyeshe vilivyofichwa.

Vikatokea. Katikati ya vifaa vizima, vingine vimepauka kama nguo iliyofuliwa mara nyingi: kadi ya mtandao ya VMware, kadi ya skrini, kipanya. Hajati, mtunza hazina, alikuwa amesimama nyuma yangu tangu saa mbili, leso yake inanukia udi.

"Mwanangu, hawa waliofifia ni nani?"

"Ni vifaa vya kule tulikotoka, Hajati. Havipo tena, ila yenyewe bado inavihesabu."

Akavuta kiti. Akafungua daftari lake la jalada jeusi, akashusha kidole taratibu, akakisimamisha kwenye namba 17, kisha 41. Majina yamepigwa mstari mwembamba wa penseli, mwembamba kiasi kwamba ukiufuta jina bado linasomeka.

"Hawa wametangulia. Namba zao hatumpi mtu."

"Kwa nini, Hajati?"

"Siku moja mtoto atakuja na kitabu cha baba yake." Akatazama skrini tena. "Wewe unafuta tu?"

"Nafuta, Hajati."

"Haya. Bismillahi."

Nikafuta vyote. Anwani ikakubali, makarani wakaingia, mmoja akatumwa chapati. Kisha programu ya mahesabu ikafunguka na kusema haitambui leseni yake. Ilikuwa imefungwa kwenye namba ya MAC, yaani kitambulisho, ya kadi ileile ya mtandao niliyoifuta dakika kumi zilizopita.

Hajati hakusema neno. Alifunika daftari tu.

Namba niliipata baadaye kwenye faili la mipangilio (.vmx) la mashine ya zamani, inaanza na 00:0C:29 kama nyingi ambazo VMware hujitungia. Nikaivisha kadi mpya badala ya 08:00:27 ya VirtualBox, programu ikatulia. Kama ni halali au si halali, aliyeiuza alishaacha kupokea simu mwaka mmoja kabla.

Kwa hiyo sijui. Vile vifaa vilipaswa kufutwa, hilo sina shaka nalo. Lakini nilivifuta kabla ya kuuliza kila kimoja kilikuwa kimeshika nini.

Binti nikamwambia azitupe. Jioni nikazikuta kwenye pipa, nikautoa mmoja, ule mdogo wa shaba. Sikumbuki ulikuwa wa mlango gani.