Mchana mmoja kwenye kaburi la Humayun

Tuko Delhi wiki ya tatu sasa, nimemleta mama kwa matibabu. Jana majibu yalichelewa, mama akaniambia, "Nenda katembee mwanangu, usinikodolee macho." Nikapanda bajaji mpaka kaburi la Humayun.

Jamani. Huyu mfalme wa Mughal, ukoo uliotawala India zamani, alisikia adhana akishuka ngazi za maktaba yake, akateleza, akafa siku chache baadaye. Hiyo ni 1556. Mkewe Bega Begum ndiye aliyesimamia kaburi hili, akamleta msanifu Mwajemi, Mirak Mirza Ghiyas. Taj Mahal, lile kaburi jeupe maarufu, ilikuwa bado miaka sitini na ushee ije!

Bustani wanaiita charbagh, yaani bustani nne. Mifereji inaikata mraba kwa mraba, myembamba kiasi kwamba mtoto anairuka. Nilidhani nitaona mto! Lakini ukikaa kando yake unasikia maji yakichuruzika polepole, na joto la Delhi unalisahau kidogo.

Ndani ndiko nilikoganda. Madirisha ni mawe yaliyotobolewa kama kamba za wavu, jua linapita na kumwaga vinyota sakafuni. Niliweka kiganja kwenye kimoja, kikanipanda mkononi. Kaburi la marmar unaloliona pale katikati ni alama tu; mwenyewe amelala chini kabisa.

Nimerudi na picha hamsini. Mama kazitazama zote, kisha akauliza kama nimekula.