Ngazi za umeme za pikapu zikikwama, kagua pini kabla ya kununua mota

Unafungua mlango, mota inanguruma kidogo, ngazi inashuka nusu halafu inarudi juu. Au imeshuka vizuri, kisha imegoma kupanda. Wengi wakifika hapo hukimbilia kuagiza mota mpya. Mota hizi ni ghali, na mara nyingi ile ya zamani bado ni nzima kabisa. Kilichoganda ni pini ndani ya bawaba. Tafadhali usitoe hela kabla hujaifungua mota na kuipima peke yake.

Ninazozungumzia ni ngazi zinazojishusha zenyewe mlango ukifunguliwa, kama zile za kiwandani kwenye Ford F-150, Ram 1500 na GMC Sierra, pamoja na AMP Research PowerStep ambazo watu hufunga baadaye. Muundo unafanana. Kila upande una ubao wa alumini unaoshikwa na bawaba ya mbele na ya nyuma, na baadhi ya gari ndefu huwa na ya tatu katikati. Bawaba moja inaendeshwa na mota, nyingine inafuata tu. Gia ya mota imepunguzwa mwendo sana, ndiyo maana ngazi haisukumiki kwa mkono mota ikiwa imefungwa. Ukiipiga teke au ukaichokonoa kwa mtaimbo, unachovunja ni meno ya gia, na hapo ndipo kweli utahitaji mota.

Kwa nini pini zinaganda? Mikono ya bawaba mara nyingi ni ya alumini, pini ni za chuma. Metali hizo mbili zikigusana ndani ya maji ya chumvi, alumini huliwa na kuacha unga mweupe. Unga huo unachukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyoliwa, kwa hiyo tundu linabana pini kutoka pande zote. Ndiyo maana tatizo hili ni kubwa Michigan na Minnesota huko Marekani, au Ontario huko Kanada, ambako barabara humwagiwa chumvi miezi yote ya baridi. Chumvi ya kawaida hupungua nguvu joto likishuka chini ya takriban nyuzi −9 za Selsiasi, basi huongezewa kalsiamu kloridi au magnesi kloridi. Hizi huvuta unyevu hewani. Barabara inaweza kuwa imekauka siku nyingi, lakini ndani ya bawaba bado kumelowa. Kwa gari zilizoko Ghuba au kwenye barabara za vumbi, adui ni mchanga: haugandishi pini, unaisaga pamoja na bushi yake, yaani kipande cha duara ambamo pini huzunguka, mpaka ngazi inalegea na kugonga.

Sikiliza kabla hujashika spana. Kama pande zote mbili zimekufa bila sauti yoyote, acha bawaba. Angalia kwanza mipangilio ya gari. F-150 ina hali tatu kwenye menyu: ya kujiendesha, ya kubaki nje, na ya kuzimwa, na mtu anaweza kuizima bila kujua. Kisha fyuzi, kisha betri. Betri nzima iliyojaa na kutulia husoma kama volti 12.6, ikiwa karibu na 12.2 imebaki nusu, na ngazi ni kati ya vitu vinavyoanza kusuasua.

Ikiwa ngazi haishuki kwa mlango mmoja tu lakini inashuka kwa mlango mwingine wa upande uleule, mota na bawaba ni salama. Tatizo ni swichi ya mlango, ambayo kwenye gari nyingi za sasa imo ndani ya kitasa chenyewe. Fungua mlango huo uone kama taa ya ndani inawaka. Isipowaka, gari halijui kwamba mlango umefunguliwa. Kusafisha kitasa kwa dawa ya kupuliza na kukifungafunga mara kadhaa kwa bisibisi husaidia mara nyingi (kumbuka kukiachia tena kabla hujafunga mlango).

Ngazi inayoanza kisha kurudi ndiyo dalili ya pini. Kontrola, yaani kisanduku cha umeme kinachoiongoza ngazi, hufuatilia mzigo wa mota. Mzigo ukipanda ghafla, inadhani kuna mguu au jiwe limebanwa, hivyo inageuza mwendo. Pini ngumu inaonekana kwake sawasawa na mguu. Kama asubuhi ya baridi inagoma na mchana inafanya kazi, usisubiri, pini ziko njiani kuganda.

Kazi yenyewe sasa. Shusha ngazi ikiwezekana, kisha toa fyuzi yake. Usiruke hatua hii: mtoto akifungua mlango vidole vyako vikiwa kati ya mikono ya bawaba, mota haitakuuliza. Zuia matairi kwa kabari. Ukihitaji kuinua gari, jeki na stendi viwekwe mahali palipoonyeshwa kwenye kitabu cha gari, kamwe si chini ya ngazi, bawaba wala mabano yake.

Osha bawaba kwa mashine ya presha, ukielekeza maji kwenye mikono na pini tu. Mota na plagi usizipige maji moja kwa moja. Sugua kwa brashi ya nailoni. Ya waya inakwangua rangi inayokinga alumini, na unga mweupe utarudi upesi zaidi.

Chomoa plagi ya mota na ulegeze bolti zinazoishika, kwa kawaida ni tatu ndogo za alenki. Mwambie mtu ashike ubao, au uweke gogo chini yake, kwa sababu mota ikitoka ngazi huwa huru kuanguka. Sasa chukua waya mbili, moja ikiwa na fyuzi ya ampea 20, uiunganishe mota moja kwa moja na betri kwa sekunde moja au mbili. Geuza waya, izunguke upande wa pili. Ikizunguka kwa sauti laini pande zote mbili, mota ni nzima. Ikitoa maji ya kutu, ikinuka kuungua au ikikwaruza, hiyo imekwisha kweli.

Mota ikiwa kando, sukuma ubao kwa mkono. Bawaba yenye afya huenda kutoka mwanzo hadi mwisho kwa mkono mmoja, bila mahali pagumu. Ikiwa imekaza, weka alama ya chaki mahali ubao unapokaa, legeza nati zinazoushika, uutoe, kisha ujaribu kila bawaba peke yake. Mara nyingi utakuta ni pini moja au mbili tu, na mara kwa mara ziko kwenye bawaba isiyo na mota, ile ambayo watu hawaiangalii.

Puliza mafuta ya kulegeza kutu kwenye ncha zote mbili za pini, subiri robo saa, sukuma na kuvuta kidogo kidogo, puliza tena. Usidai mwendo mzima mara ya kwanza. Nusu sentimita inayokwenda na kurudi inafungua njia ya mafuta kuingia, na majimaji meusi au ya kijivu yakianza kutoka pembeni mwa pini ujue unashinda. Iliyoganda sana iachie mafuta usiku kucha. Mashine ya kupuliza hewa moto inasaidia, lakini si tochi ya gesi: bushi huenda ni za plastiki, na mabomba ya breki na mafuta yanaweza kuwa yanapita karibu. Kama pini haitikisiki baada ya hayo yote, badilisha bawaba nzima. Kutoboa pini nje ya mkono wa alumini bila mashine sahihi huacha tundu lililopinda, na ngazi haitalala sawa tena.

Hapa ndipo kazi nzuri huharibiwa. Mafuta ya kulegeza kutu si kilainishi cha kudumu. Baada ya muda mfupi hukauka na pini hurudi kavu. Bawaba zikishatembea vizuri, zifute, zikauke, kisha puliza silikoni kwenye kila pini, ukichezesha mkono ili iingie. Grisi nzito nje ya pini nashauri uiepuke, kwa sababu inashika mchanga na chumvi na kugeuka kuwa dawa ya kusaga. Na silikoni isifike juu ya ubao wa kukanyaga. Mtu atateleza.

Ukirudisha mota, meno yake yashikane na ya bawaba kabla hujakaza. Sogeza ubao kidogo mpaka mota ikae yenyewe. Ukiivuta kwa bolti unapasua kizimba chake. Kaza kwa mkono tu, bila nguvu za mashine.

Kama bawaba ni laini, mota ni nzima, na bado ngazi haiendi, rudi kwenye waya. Fungua plagi iliyo karibu na fremu. Ukikuta ukijani, shaba inaliwa. Kata waya mpaka uone shaba inayong'aa, unganisha, funika kwa mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani, na upake grisi ya umeme kwenye plagi. Pima pia athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri: ngazi ikijitahidi kutembea, weka multimita kati ya athi ya kontrola na nguzo hasi ya betri. Zaidi ya volti 0.2 hivi, athi ni mbovu, na mota yako inanyimwa nguvu hata kama kila kitu kingine ni kipya.

Msimu wa chumvi, kuosha na kupuliza silikoni mara moja kwa mwezi kunatosha kwa gari nyingi. Nje ya msimu huo, fanya kila ubadilishapo oili ya injini. Usioshe gari na kulilaza nje kwenye baridi kali bila kushusha na kupandisha ngazi mara kadhaa ili maji yadondoke. Mvua ya barafu ikitabiriwa, weka ngazi kwenye hali ya kuzimwa tangu jioni. Asubuhi ikikutwa imeshikwa na barafu, usimwage maji ya moto, yataganda palepale ndani ya bawaba. Acha izimwe, panda bila ngazi, na uwashe ngazi gari likishaingia mahali pa joto.