Chumba Kinafuata Mti

Mwaka 2014 nilipewa kazi ya kupamba hoteli ya vyumba 8 katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo, hatua chache kutoka Boma la Mjerumani. Nilifika na michoro tayari: dari ya jipsamu, vinyago ukutani, vitanda vya futi sita kwa sita.

Vitanda ndivyo vilivyonikwamisha. Vyumba ni virefu, lakini upana haufiki mita 3. Nikashauri tubomoe ukuta wa kati, vyumba viwili viwe kimoja.

Fundi wa chokaa, mzee wa pale pale mjini, alinisikiliza hadi mwisho.

“Binti yangu, ukuta huu ukiutoa, dari utaiegemeza wapi? Hebu tazama juu.”

Juu zilipangwa boriti za mikoko, nyeusi, zimekaribiana. “Boriti hizi ndizo hizo, ndefu zaidi hazibebi dari ya mawe. Waliojenga walianza na mti, chumba kikaufuata.”

Kisha akagonga lipu ya saruji iliyopigwa miaka ya karibuni. Ikalia tupu. Kipande kikaanguka, nyuma yake unga mweupe wa chumvi. Mawe ya matumbawe hunyonya unyevu, akanieleza. Chokaa huuacha utoke ukuta ukauke, saruji huufungia ndani hadi jiwe linamomonyoka. Nilikuwa nimechagua rangi ya mafuta kwa kuta zile zile!

Tukabandua lipu yote. Siku ya tatu, patasi ikazama: kidaka, kile kishubaka cha ukutani, kilichozibwa kwa kifusi. Tulipokisafisha tukaona kwenye chokaa ya ndani mifereji minne midogo sambamba, alama za vidole vya aliyeisawazisha. Nikaweka vyangu humo. Vilikaa.

Usiku ule nilichora upya. Kitanda kikahamia mwisho wa chumba, kikajengwa kwa mawe na chokaa kutoka ukuta hadi ukuta kama baraza, juu yake godoro na mkeka wa ukindu. Boriti tukaziacha wazi. Taa moja tu, ndani ya kidaka.

Mama mwenye nyumba alipokuja kutoka Dar es Salaam aliuliza kwanza vinyago viko wapi. Kwa kweli havikuwa hata vya Bagamoyo. Sikumjibu, nikamshika mkono hadi kwenye kidaka. Aliingiza vidole katika ile mifereji, akakaa kimya kitambo, kisha akamgeukia fundi.

“Baba, hapa msipake kitu.”