Bunju kwenye usukani

Leo jioni mpwa wangu alimwambia mwenzake achague dereva kwenye gemu ya mbio za magari. Huyo mwenzake ni mtoto wa mvuvi wa Msimbati, kaja mjini kusoma. Akawapita madereva mmoja mmoja, alipofika kwa samaki aliyevimba mwenye miba akaiachia mausi kama vile imemuunguza.

"Mjomba, huyu si bunju? Huyu anaua!"

Nikamwambia huyu anaendesha gari tu. Hakukubali. Alichukua ngwini, ambaye watoto wote wa mtaa huu wanamwita bata. Nimeshachoka kuwasahihisha.

Gemu yenyewe ni SuperTuxKart. Madereva wake karibu wote ni nembo za programu huria, yaani zile ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzitumia, kuzibadili na kuzigawa: Tux ngwini wa Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows, Konqi joka la KDE, Suzanne sokwe wa Blender, programu ya kuchorea katuni, na huyo bunju, Puffy wa OpenBSD. (OpenBSD ni mfumo mwingine, si Linux, najua, msinianze.) Kwenye hadithi ya gemu anayetekwa ni Gnu, yaani nyumbu, na wenzake wanashindana ili wamkomboe. Mtoto wa Ulaya anaona katuni. Wa kwangu wanabishana kama nyumbu anaweza kutekwa au angempiga mtu teke kwanza.

Laptopu zinazochezewa hapa dukani kwangu, Chikongola, Mtwara mjini, ni mbili, zote za mtumba. Moja ina RAM ya giga nne na bawaba yake imeshikwa na gundi. Niliziwekea Linux Mint yenye Xfce, aina nyepesi ya Linux, kwa sababu ndiyo iliyokubali kutembea humo. Habari za uhuru wa programu sikuwa nazo kichwani hata kidogo. Nilikuwa na steshenari, nilikuwa na wateja wa kuchapiwa barua, nilitaka mashine iwake kabla mteja hajaondoka.

Kilichonibadilisha ni Mei 2024. Mnakumbuka kimbunga Hidaya, barabara ikakatika kule Somanga, mabasi ya Dar yakakwama. Bado tunahesabu hasara, Jumapili ya tarehe 12 nyaya za chini ya bahari nazo zikapata hitilafu na intaneti ikawa ya kuomba. Barabara hakuna, mtandao hakuna. Mpwa wangu alikuwa na gemu ya mpira aliyonunuliwa na baba yake kwa hela halali. Ikawa kila akiifungua inagoma, inataka kwanza ijihakikishe mtandaoni. Mtoto kakaa na mali yake mkononi, haifunguki. Nilimwonea huruma, na siku hiyo sikuwa na mteja hata mmoja.

Nikawasha hotspoti ya simu, bando halimo hata MB moja, nikaziunganisha laptopu mbili. Tangu toleo la 1.0, Aprili 2019, SuperTuxKart inachezeka kwa mtandao wa ndani; mashine moja inakuwa mwenyeji, nyingine inaingia. Tulicheza mpaka Magharibi. Dada yangu alikuja kumchukua mwanawe, akatukuta mimi na mtoto tunagombania kona.

Kuna jambo huwa nalifikiria nikifunga duka. Miaka mingi nilikuwa nawawekea watu nyimbo na programu zilizochakachuliwa kwenye flashi, nalipwa, najua ninachofanya, nanyamaza. Sasa mtu akija na flashi namwekea SuperTuxKart au 0 A.D., gemu ya vita vya kale, na leseni zake huria, kama GPL, zinaniruhusu kabisa, hata nikimtoza hela ya kunakili. Wateja hawaamini. "Si umesema ni ya bure?" Nawaambia nimesema ni huru. Waingereza wana neno moja, "free", kwa mambo hayo mawili na wanahangaika kulifafanua. Sisi tunayo mawili tangu zamani na bado tunayachanganya. Basi natoza kidogo, wengine siwatozi kabisa, na usingizi unakuja mapema kuliko zamani.

Sitaki kuwadanganya, kuna siku naichukia. Wiki nzima iliyopita ile laptopu ya gundi ilikuwa bubu, sauti haitoki, kumbe ilikuwa inaipeleka kwenye tundu la HDMI, lile la kuunganishia TV, ambalo halina kitu. Na vijana wakubwa wakija wanataka gemu zao za kupigana mtandaoni, ambazo baadhi hazikubali Linux kwa sababu ya vile vilinzi vya kuzuia udanganyifu. Proton ya kampuni ya Valve, programu ya kuchezesha gemu za Windows kwenye Linux, iliyotoka 2018, imefungua nyingi, lakini gemu ya giga sitini kwa bando la huku ni ndoto ya alinacha. Hao nawapoteza, wanaenda kwa jirani mwenye PlayStation.

Mpwa wangu alipokwenda Newala likizo iliyopita aliomba flashi. Huku kusini mjomba hana pa kukatalia. Nikampa, naye kwa haraka zake akalifungua folda lote humo humo badala ya kulibeba likiwa bado limefungwa kuwa faili moja. Usiku simu ikaita.

"Mjomba, limegoma."

Nikajua. Flashi za kawaida hazitunzi ile ruhusa ya faili kuendeshwa ambayo Linux inaidai. Nikamwelekeza: linakili folda kwenye kompyuta, yatafute mafaili ya kuanzishia gemu, bonyeza kulia kila moja, nenda kwenye sifa, weka tiki kwenye ruhusa. Akawa anarudia kila neno kwa sauti, na nyuma yake kuna watoto, sijui wangapi, wanamwambia aharakishe.

"Mjomba, nikiwapa na hawa?"

"Wape."

Muziki wa mbio ukaanza. Kabla salio halijakata nikasikia mtoto mmoja anauliza mbona huyu samaki kavimba, na mpwa wangu anamjibu kama mzee wa soko la samaki la Feri: "Huyo usimguse."