Kintore: mashine ya figo inapomfuata mgonjwa

Kutoka mji wa Alice Springs hadi kijiji cha Kintore, katikati ya Australia, ni zaidi ya kilomita 500 kuelekea magharibi, nyingi zikiwa vumbi na matuta yanayogonganisha meno. Kibali cha kupita ardhi ya wenyeji kiombwe mapema. Mafuta jaza mjini; bei ya mbele huko ni ya kukukamua.

Kusafisha damu kwa mashine, figo zikishindwa kazi, hufanywa mara 3 kwa wiki, saa 4 hadi 5 kila mara. Kwa umbali huu hakuna kwenda na kurudi, kwa hiyo Wapintupi, wenyeji wa jangwa hilo, wenye figo zilizokufa walihamia Alice Springs, na wengi wakafia ugenini. Mwaka 2000 wachoraji wa Kintore na kijiji jirani cha Kiwirrkurra walinadisha picha zao Sydney, zikaingiza zaidi ya dola milioni 1 za Australia. Wakaunda shirika lao, Purple House, linaloongozwa na bodi ya wenyeji wenyewe. Mwaka 2004 mashine ikaanza kazi Kintore. Serikali ilipokuja kuweka malipo maalumu ya huduma hii kwenye bima ya taifa, ilikuwa tayari 2018!

Nilidhani ugumu uko kwenye mashine. Kumbe ni maji. Mashine hutumia karibu nusu lita kwa dakika, yaani lita 120 kwa saa 4, na ni maji yaliyokwisha kusafishwa. Kwanza hupita kwenye mkaa unaonasa klorini, maana ikipenya huvunja chembe nyekundu za damu. Ndiyo sababu klorini hupimwa kabla mgonjwa hajaunganishwa. Kisha huondolewa chokaa, halafu husukumwa kwa nguvu kwenye utando mwembamba. Maji ya kisima cha jangwani ni magumu: chokaa ikipita, utando huziba, presha ya maji inashuka, kengele inalia, kazi inasimama. Mgonjwa akikosa zamu, potasiamu hupanda na moyo waweza kusimama. Vipuri vikae hapo hapo. Fundi yuko mbali. Na nyumba ya muuguzi iwepo, la sivyo mashine ni sanduku tu.

Kwetu Tanzania, mgonjwa wa kijijini bado huifuata mashine mjini. Ukiuliza kwa nini isisogezwe, unaambiwa gharama. Kodi ya chumba karibu na hospitali, nauli ya ndugu anayeuguza na shamba lililolala haviingizwi kwenye hesabu hiyo.