Siku moja maishani mwangu: pikapu ya zamani na feni inayounguruma

Saa 12 na nusu asubuhi

Gari imelala gereji tangu jana jioni na hilo nilimwomba mwenye gari makusudi kabisa. Feni yenye kelele lazima uisikie injini ikiwa baridi ya usiku mzima, ukiletewa gari ya moto tayari umeshapoteza nusu ya habari. Hii ni pikapu ya dizeli ya zamani, injini imelala kwa urefu, feni kubwa ya plastiki inazungushwa na mkanda na katikati yake kuna klachi ya feni, lile dude la alumini lenye mapezi linaloamua feni ishike izunguke kwa nguvu au iachie. Mwenye gari ni mzee mmoja mpole, ameshazunguka kwa mafundi kabla yangu, mmoja kamwambia pampu ya maji imekufa, mwingine kamwambia klachi imeganda, wa tatu kasema feni itolewe kabisa gari itembee hivyo hivyo. Mzee akaniambia, "Fundi, inalia kama ndege inayotaka kuruka, na siku hizi kuna na kitu kinagonga."

Hapo tu nikajua tunatafuta sauti mbili. Ngurumo ni kitu kimoja, kugonga ni kitu kingine, ukizichanganya utabadilisha vitu vizima.

Nikafungua boneti, nikamwambia kijana ninayemfundisha awashe. Ngurumo ikaja hapo hapo, kubwa. Kijana akasema "si unaona imeganda", nikamwambia tulia usikilize. Dakika ikapita, ya pili ikaanza, ngurumo ikaanza kushuka taratibu mpaka ikabaki injini tu. Sasa hiyo ndo habari ya kwanza na ni kubwa. Ndani ya klachi ya feni kuna mafuta mazito ya silikoni, ukizima gari mengine yanabaki kwenye chumba kinachofanya kazi, kwa hiyo asubuhi feni inaamka ikiwa imeshika, inanguruma mpaka yale mafuta yasukumwe kurudi kwenye chumba cha akiba. Hiyo ni kawaida. Klachi iliyoganda hainyamazi, inanguruma kuanzia asubuhi mpaka unazima na kila ukikanyaga mafuta inapanda na injini. Hii imenyamaza, maana yake inajua kuachia.

Saa 2

Tumeiacha ipate moto polepole. Mimi nakaa pembeni ya fenda, sikai mbele ya feni wala usawa wa mapanga yake, na kijana nimemkataza pia. Plastiki iliyokula joto miaka mingi inapata nyufa, panga likikatika kwenye mizunguko mikubwa linatoka na nguvu ya kutoboa boneti. Hakuna kitambaa shingoni, hakuna mikono mirefu ya shati inayoning'inia. Na kuna ule mtindo wa kuchomeka gazeti lililokunjwa kwenye feni kuona kama linaisimamisha, jamani acheni, haupimi chochote cha maana na vidole haviotagi tena.

Gaji ya joto ikafika katikati. Thamostati, kile kivalvu kinachoruhusu maji ya moto ya injini yaende kupozwa, nyingi zinaanza kufungua kwenye nyuzi 82 mpaka 88 hivi, na klachi ya feni yenyewe haisomi maji, inasoma hewa inayotoka kwenye rejeta, kile kipozeo cha maji ya injini, ile koili ndogo ya mbele imetengenezwa kwa metali mbili zinazotanuka tofauti, hewa ikiwa ya moto inajipinda na kufungua kivalvu, silikoni inaingia, feni inashika. Gari imesimama tu, haina mzigo, asubuhi yenye ubaridi, feni haina sababu ya kushika mapema. Lakini ikashika. Ngurumo ikarudi na ikakaa.

Fundi mwenye haraka hapa anaagiza klachi mpya. Mimi najiuliza swali lingine, hii feni ni mgonjwa au inafanya kazi iliyopewa? Maana ikiona hewa ya moto sana mbele yake ni lazima ishike, hiyo ndo kazi yake.

Saa 3 na nusu

Sauti ya kugonga haikutokea gari ikiwa inasinzia, kwa hiyo tukaitafuta. Breki ya mkono juu, mguu kwenye breki, gia ya kwanza, kijana anaachia klachi ya gari kidogo sana mpaka injini inajikaza, mimi natazama kwa pembeni. Injini ikainuka upande mmoja, ikainuka sana, na pale pale tak-tak-tak-tak, feni inakwangua kava lake. Akirudisha nyutro sauti inaisha. Nikamrudishia mara nyingine ili aone mwenyewe, kwa sababu hili ni jambo la kuona kwa macho, kuelezwa hakutoshi.

Nikazima. Tochi ndani ya kava la feni, kuna mstari unaong'aa umechongwa na ncha za mapanga, na ncha zenyewe zimeliwa. Kwa hiyo feni haigongi kwa sababu imelegea, injini ndo inahama. Nikashuka chini na wenzo, maunti moja, ile raba inayobeba injini, imechanika imeachana na chuma chake. Ya pili imebonyea.

Saa 4 na nusu

Hata kama nina jibu la kugonga bado sijaiondolea lawama pampu ya maji, mzee ameambiwa imekufa na sitaki aondoke na hiyo shaka. Nikatoa mkanda nikawasha injini kwa nusu dakika tu, si zaidi, maana pampu haizunguki na maji hayatembei. Kimya. Kumbe kila kelele iko kwenye familia ya mkanda, feni, pampu, altaneta inayochaji betri, basi. Hiki kipimo ni cha bure na kinaokoa watu pesa nyingi, sijui kwa nini wengi wanakiruka.

Baada ya hapo ni mkono. Altaneta inazunguka laini. Puli ya pampu nikaishika juu na chini nikaitikisa, haina mchezo, nikaizungusha taratibu nikiwa nimegusa mwili wa pampu, beringi mbovu utaisikia kwenye vidole inachakachaka kabla hata sikio halijajua. Laini. Chini ya pampu kuna kitundu kidogo cha kutolea maji, sili ikianza kuvuja kinaacha alama ya maji yaliyokauka, hiki ni kikavu kabisa. Pampu ni nzima.

Afu feni yenyewe, nikaishika ncha ya panga nikaisukuma mbele nyuma. Mchezo upo kidogo sana, na kidogo inaruhusiwa kwenye klachi hizi, ikizidi kama milimita 6 kwenye ncha ndo naanza kuogopa. Nikaipa kofi izunguke, ikasimama baada ya kama nusu mzunguko. Ingekuwa inaserereka mizunguko 3 au zaidi yenyewe, silikoni imeisha. Hakuna michirizi ya mafuta kutoka katikati kwenda nje, maana klachi inayovuja inajichora hivyo na vumbi linagandia pale.

Kwa hiyo klachi inashika, inaachia, haivuji, haina mchezo mkubwa. Nani anaiambia ishike muda wote?

Saa 5 na nusu

Rejeta. Injini imepoa tayari, kifuniko cha rejeta sifungui kukiwa na moto hata siku moja, mfumo una presha na yale maji yanaweza kuwa yamevuka nyuzi 100 bila kuchemka, ukilegeza tu presha inashuka ghafla yanageuka mvuke usoni kwako. Nikatoa kava la feni, nikatoa feni na klachi yake, hii imeshikwa na nati 4. Zile zenye nati moja kubwa katikati angalia uzi kabla hujavuta, nyingine ni za kushoto, zinafunguka kinyume. Klachi nikaisimamisha mezani kama inavyokaa kwenye gari, ukiilaza silikoni inahama na ukiirudisha inakuonyesha tabia ambayo si yake.

Ukiitazama rejeta kwa mbele unaona kondensa ya eisii, kile kipozeo cha kiyoyozi, safi kiasi, mtu anaosha hapo kila siku na anaridhika. Katikati ya kondensa na rejeta ndo kuna balaa. Vumbi limechanganyika na mafuta, wadudu, mbegu za majani, vimetanda kama zulia theluthi mbili ya chini. Hewa inapita juu tu. Inayopita pale inatoka ya moto sana na koili ya klachi iko hapo hapo inaisoma, inashika, inabaki imeshika. Feni imekuwa ikimwokoa mzee injini yake muda wote huu na ndo inayotuhumiwa!

Nikamwita mzee aje aone. Akainama akatazama muda mrefu, akasema, "Basi yule aliyesema niitoe feni angeniua injini." Nikamwambia ndiyo mzee wangu, ungepanda mlima mmoja na mzigo silinda hedi ingepinda. Akaniuliza kama tungeweka feni ya umeme badala yake. Kwa gari ndogo mimi sina shida, ila dizeli inayobeba mzigo mzito kwa mwendo mdogo naipenda na feni yake ya mkanda, inavuta hewa nyingi na haitegemei relei, ile swichi ya umeme, wala fyuzi wala waya wa zamani.

Saa 7 na nusu

Kuosha kuna adabu yake. Maji ya presha ndogo, kutoka upande wa injini kwenda mbele, kinyume na njia ya hewa, ili uchafu utoke ulikoingilia. Ukipiga presha kubwa vile vipezi vyembamba vya rejeta vinalala na hapo umeziba rejeta kwa mkono wako. Vilivyolala zamani kijana anavinyoosha na kisu butu, kazi ya subira, anaifanya vizuri. Koili ya mbele ya klachi nikaipiga brashi laini, ilikuwa na ganda la udongo, na koili yenye ganda inachelewa kuhisi joto, inachelewa na kuhisi kupoa.

Wakati rejeta inakauka ikaingia gari ndogo ya zamani yenye feni ya umeme, mwenye nayo dada mmoja anasema inakoroma hata baada ya kuzima. Kufanya kazi baada ya kuzima si ugonjwa, nyingi zimeundwa hivyo, kwa hiyo kabla ya kuweka mkono karibu chomoa betri, feni ya umeme inaweza kuamka yenyewe huna habari. Nikachomoa soketi yake nikaipa umeme moja kwa moja kutoka betri kwa nyaya nene zenye fyuzi, ikakoroma vile vile na ikatetemeka. Hapo sensa na relei nimeshaziacha, tatizo ni mota yenyewe au panga. Panga moja lina ufa karibu na shina, feni haina mizani, bushi za mota zimeliwa. Feni na mota vyote vinabadilishwa, gundi kwenye panga sifanyi hata nikibembelezwa.

Saa 9 alasiri

Maunti mpya zimefika. Jeki chini ya injini na ubao mpana juu yake ili karta, lile bakuli la oili chini ya injini, isibonyee, tukainua kidogo, tukabadilisha zote mbili, ukiweka mpya upande mmoja na upande wa pili ukaacha iliyobonyea injini itakaa imeinama tu. Feni nimeikagua panga moja moja kwa kuikunja kidogo kwenye mwanga, ufa hakuna, lakini ncha zimeliwa bila usawa kwa hiyo nimemshauri mzee aweke feni mpya na amekubali. Feni isiyo na mizani itaua beringi ya pampu ambayo leo tumeikuta nzima. Kava likarudi, na kava si pambo, bila hilo feni inavuta hewa ya pembeni na kuzungusha hewa ile ile ya moto. Nikazungusha feni kwa mkono mzunguko mzima nikiangalia nafasi, inalingana pande zote sasa.

Saa 10 na nusu

Tumewasha. Gaji ikafika katikati, tukasubiri, feni kimya. Gia ya kwanza na breki, injini inajikaza haiinuki, hakuna tak-tak. Tukatoka barabarani mimi naendesha, mzee pembeni, tukatafuta mlima mrefu na gia ya chini. Katikati ya mlima ngurumo ikaja, mzee akanitazama, nikamwambia subiri. Gaji haikusogea. Tulipofika juu na kuanza kushuka ikaendelea kidogo ikanyamaza yenyewe. Nikamweleza hiyo ataisikia kila akipanda na mzigo, na ataisikia asubuhi dakika moja mbili. Akiisikia tambarare, gari tupu, muda wote, aangalie kwanza katikati ya kondensa na rejeta, na hapo akikuta pasafi ndo aniletee tuongelee klachi.

Saa 12 jioni

Mzee ameondoka na feni ya zamani nimempa aibebe. Kijana anafunga vifaa, nimemwachia kazi ya kesho asubuhi, ile gari ndogo feni yake mpya ikifika aifunge mwenyewe mimi nikitazama tu, aanze kwa kuchomoa betri.